Diplome Niliyoifungia

Siku pikapu ya polisi ilipopita mtaani kwetu Kapata ikiwaita vijana kwa kipaza sauti, nilikuwa nimeketi mlangoni nakaanga vitumbua, na sikusogea ndugu yangu apite. Ilimbidi auruke mguu wangu.

"Yaya, mi naenda tu kusikia," alisema. Yaya ni mimi, dada mkubwa.

"Masikio yako iko hapa hapa. Unaweza kusikia ukiikala chini."

Sauti ilifika mpaka nyumba ya mwisho ya mstari wetu. Polisi imezeeka, ilisema. Inataka damu mpya. Wavulana na wasichana wenye diplome ya sekondari waje Jumapili baada ya misa, uwanja wa nyuma ya kanisa, na karatasi zao. Nyuma ya pikapu waliketi polisi wanne wenye mvi, mmoja anasinzia, kichwa kinagonga chuma kila tairi ikiingia shimoni. Vijana waliokaa juu ya ukuta wa shule walianza kuwapigia makofi.

"Batata, shukeni mupumuzike! Hii gari itabavunja mifupa!"

"Basindikize polepole, bako na mayai!"

Mimi nilicheka kwa sauti kubwa, nikahakikisha wazee wale wamenisikia.

Nawachukia polisi, na sikuanza jana. Nilikuwa na miaka kumi na sita mama alipokufa, miaka miwili baada ya baba. Baba alikuwa fundi katika karakana ya kampuni ya madini, na alichotuachia ni nyumba hii ya kampuni, vyumba vitatu, na sanduku moja la bati. Nilitoka shuleni katikati ya mwaka wa tatu kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na wawili: ndugu yangu wa miaka tisa, na mdogo wetu wa kike ambaye alikuwa bado anauliza mama atarudi siku gani. Nikaanza kupanda malori kwenda Mutshatsha kununua makaa na kuja kuyauza hapa.

Safari ya nne au ya tano, kwenye bariere, kizuizi cha kuingilia mjini, polisi mmoja alinishusha. Alitaka karatasi ambayo sikuwahi kuisikia. Nilimwuliza karatasi hiyo inaitwaje ili siku nyingine niitafute. Akasema, "Inaitwa Asante Tata," yaani Asante Baba. Wenzake wakacheka. Alishusha magunia mawili kati ya matano, akayapiga kwa kiganja kama mtu anayepiga mgongo wa ng'ombe wake, na ndipo nikaona kidole gumba chake cha kulia hakina ukucha. Wiki ile tulikula bukari, ugali wetu, kwa chumvi. Uso wake niliusahau. Kidole sikukisahau.

Katika nyumba yetu, kama katika nyumba nyingi ambazo wazazi hawapo, mtoto wa kwanza ndiye anayeshika karatasi. Kadi ya kazi ya baba, kadi ya ubatizo ya mama, vyeti vya kuzaliwa vya wadogo zangu, vyote vimo katika sanduku lile, na ufunguo wake nauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Naoga nao, nalala nao. Ndugu yangu alipofaulu mtihani wa taifa na diplome yake ikatoka, ilipita mkononi mwake siku moja tu, akatoa fotokopi kwenye kibanda cha barabarani ili awaonyeshe rafiki zake, kisha ikaingia sandukuni. Diplome ile ina jina lake. Lakini kila mwaka wa shule ulitoka katika karai langu la mafuta, na nilipoitazama niliona mikono yangu yenye madoa ya kuungua.

Jumapili ile alisimama mbele yangu akiwa amevaa shati la misa.

"Yaya, nipe diplome."

"Ya kwenda kusimama ku bariere, unanyanganya bamama magunia ya makala?"

"Miaka mbili natafuta kazi. Ku kampuni banasema tutakuita. Nani alishaitwa?"

"Heri uikale hapa nyumbani."

"Mi si mutoto wako."

"Mutoto wa nani basi? Nionyeshe mwenye alikulisha."

Alinitazama shingoni, pale kamba ilipokuwa, nikaona anapima kama anaweza kuikata. Hakufanya. Alichukua fotokopi na kuondoka. Na wale waliokuja kutafuta damu mpya walikuwa na njaa ya vijana kiasi kwamba walipokea fotokopi. Orijinali mtaleta baadaye, waliwaambia. Alipoenda kwenye mafunzo hakupiga magoti nimwombee kama tunavyofanya mtu akisafiri kwa kazi, na mimi sikumwita.

Alirudi baada ya miezi kadhaa, shingo imekonda, sare inamwelea. Alipangwa kwenye njiapanda ya barabara ya malori ya migodi, pale watoto wa shule wanapovukia. Hakuwa na namba ya matrikile bado, na bila namba hiyo mtu anafanya kazi lakini serikali haimjui. Nilimpa sheria moja: asiingie ndani na nguo ile. Alikuwa anaivua nyuma ya nyumba karibu na pipa la maji, anaifua, kisha anaianika ndani, chini ya nguo nyingine, ili majirani wasione. Walikuwa wanajua tu. Jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo, kila asubuhi alikuja na sahani yake.

"Mama ya komanda! Leo bitumbua ni bule?"

"Ni bule kwa benye hawana meno. Fungua kinywa nione."

Kapata ilitoa vijana kumi na wanane siku ile ya uwanja wa kanisa. Mvua zilipoanza walikuwa wamebaki saba. Wengine walirudi kwenye mashimo pamoja na wachimbaji. Wengine walikwenda kwenye makampuni ya ulinzi, kusimama kwenye mageti ya migodi, ambako mtu anapewa buti zenye soli na chakula cha mchana katika sahani. Mmoja alikimbia na sare yenyewe, na nasikia mama yake aliikata vipande vya kushikia sufuria. Nilipenda habari ile. Niliisimulia kwa wateja.

Nikaona nami nimtoe wangu. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikafungua sanduku, nikaichukua diplome, nikaenda kwenye ofisi ya kampuni moja ya ulinzi kwenye barabara ya migodi. Mkuu wao alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, miwani ya jua ndani ya nyumba. Aliuliza orijinali, nikampa. Aliandika jina la ndugu yangu katika daftari, akasema nafasi ikipatikana atamwita, akafungua kabati la chuma na kuiweka diplome juu ya rundo la nyingine. Niliona rundo lile. Sikujiuliza kitu. Nilirudi nyumbani na furaha, na sikumwambia ndugu yangu, kwa sababu nilitaka habari imfikie ikiwa imekwisha, asiwe na la kubishia.

Wiki tatu baadaye, Jumanne asubuhi, komanda wa kituo chao alikuja nyumbani kwangu kwa miguu. Mzee, sare imepauka magotini. Alisalimu, sikumpa kiti. Aligeuza ndoo akaikalia.

"Mama, nakuya juu ya mutoto wako."

"Amekufa?"

"Hapana."

"Basi sema haraka, mafuta inaungua."

Alisema Ijumaa kunakuja watu wa kontrole. Kila polisi mpya lazima aonyeshe diplome orijinali. Aliye nayo ataandikwa, atapewa namba. Asiye nayo anafutwa siku hiyo hiyo, anavua sare pale pale.

"Anasema orijinali iko kwako. Anaona haya kukuuliza mara ya pili. Mama, nilipewa batoto kumi na nane. Niko na saba. Mi nilipashwa kupumuzika zamani, lakini hawaniachie mpaka kuwe mutu wa kukamata fasi yangu. Na uyu wako njo anaweza."

Wakati anasema alikuwa anajipangusa jasho, na kidole gumba kilipita mbele ya macho yangu. Hakikuwa na ukucha.

Niliinua karai kutoka motoni. Nilimwambia kuhusu bariere, magunia matano, mawili yaliyobaki kwake, na ile karatasi iliyoitwa Asante Tata. Nilimwambia tulikula chumvi. Nilisema yote nikiwa nimesimama juu yake, na jirani yangu alikuwa amesimama kwenye ua wake, sahani mkononi, hafanyi hata kujificha.

Mzee aliangalia kidole chake.

"Mama, sikukumbuki," alisema. "Nilikamata magunia ya bantu mingi."

Angekana, ningemwita mwongo na tungemaliza. Angeomba msamaha, ningeukataa. Jibu lile sikujua niliweke wapi. Nilimwambia atoke, akatoka, na ndoo akairudisha alipoikuta.

Nilijua basi kwamba nimeshinda. Sikuhitaji kufanya chochote. Ninyamaze hadi Ijumaa ipite, ndugu yangu avuliwe sare, kisha nimpeleke kwenye geti la mgodi, na polisi wabaki na wazee wao wa kusinzia. Nilikaanga vitumbua vya siku ile kwa moyo mwepesi.

Mchana ndugu yangu alirudi. Alipita nyuma, akavua sare, akaja kuketi na fulana.

"Yaya, nipe diplome."

"Haiko mu sanduku."

Nikamwambia iko wapi, kwa yule mkuu wa walinzi mwenye miwani, kwa sababu sijawahi kumdanganya. Nilitegemea apige kelele. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumjibu. Yeye aliangalia tu mikono yake.

"Juzi," alisema, "lori ya asidi ilikuwa inashuka. Batoto ba shule balikuwa banavuka. Nilinyoosha mukono. Yaya, ile lori ilisimama. Dereva alinitukana mpaka bankambo bangu ba zamani, lakini ilisimama. Sababu ya mukono yangu."

"Lori ikisimama njo utakula?"

"Na sijakamata kintu ya mutu. Unaweza kuuliza sokoni."

"Bado."

"Njo vile, bado," alisema. "Siku bataniambia kamata, nataka nikuwe kule, nikatae. Nikiwa ku geti ya kampuni, nitakatalia nani?"

Ni mdogo wetu wa kike aliyepiga kelele. Alikuwa ameketi pembeni anajifanya anasoma daftari lake, na sasa alilitupa chini.

"Weye unamufungia diplome, na ule chef wa bagardien anamufungia diplome. Iko mbalimbali gani? Miwani?"

Niliinua mkono nimpige. Hakukwepa. Nikaushusha, nikaufuta kwenye kitenge kana kwamba ulikuwa na unga.

Jumatano nilikwenda kuidai. Mwenye miwani hakuinuka.

"Karatasi inaingia, haitoke," alisema.

"Mutoto hajaanza kazi."

"Jina iko mu kaye," alisema, akagonga daftari.

"Futa jina."

"Mama, sikiliza. Nikirudisha moja, kesho banakimbia bote. Njo vile tunabalinda. Aanze kazi, afanye miaka mbili, nitamurudishia na mukono yangu."

Ndipo nikaelewa rundo la kabatini. Nilikaa chini mlangoni pake, nikasema sitoki. Nilikaa mpaka saa tisa, na watu walikuwa wananivuka kama ndugu yangu alivyouvuka mguu wangu. Mwisho mlinzi wa geti alikuja kuniomba niondoke. Alikuwa kijana mpole, mmoja wa kumi na wanane wa Kapata.

"Yaya, ya kwangu pia iko mule," aliniambia kwa sauti ndogo huku akinisindikiza. "Toka nianze kazi naomba."

Alhamisi asubuhi nilikwenda kituo cha polisi. Sikuwahi kuingia pale kwa hiari yangu. Komanda alikuwa anakunywa chai.

"Simama," nilimwambia. "Twende."

"Wapi, mama?"

"Kukamata diplome. Weye unajua kukamata."

"Siko na gari."

"Uko na miguu."

Alivaa kofia, akanifuata. Nilitembea mbele, yeye nyuma, njia yote ya barabara ya migodi, na vumbi la malori linatumwagikia. Watu wa bodaboda walisimama kutazama.

"Muangalie! Mama amefunga komanda!"

"Mama, usimupige sana, ni muzee!"

Sikugeuka. Nyuma yangu nilisikia soli ya buti lake moja inapiga chini, pwa, pwa, imefunguka mbele.

Mwenye miwani alipomwona aliivua miwani, na kwa mara ya kwanza niliona macho yake. Yalifurahi sana.

"Komanda! Bado uko na hiyo kofia?"

"Njo ile nilikufundisha kuvaa," mzee alijibu.

Mwenye miwani alikuwa kijana wake. Alikuwa amefunzwa na mzee huyu, akakaa mwaka mmoja polisi, akakimbilia kwenye ulinzi. Walizungumza kama watu wanaotemeana mate kwa adabu. Mzee aliomba diplome moja tu, ya kijana ambaye hajavaa nguo zao hata siku moja. Mwenye miwani aliegemea kiti.

"Unakumbuka ulitusimamisha ku jua, masaa mbili nzima, sababu ya kifungo moja ilikatika?"

"Nakumbuka."

"Ulituambia, chef anasalimiwa. Sasa chef ni nani hapa?"

Mzee aliangalia kabati la chuma.

"Nipige saluti, Komanda. Kisha tutaona."

Walinzi wawili waliokuwa mlangoni walianza kucheka. Mimi pia nilikuwa nimeketi ndani ya chumba kile, na nasema ukweli, sehemu yangu moja ilitaka kuona. Miaka yote nilimngoja mtu wa kumwambia huyu mzee aseme Asante Tata.

Alifunga visigino pamoja. Soli iliyofunguka ilipiga sakafu. Mkono ukapanda mpaka kwenye kofia, na kidole kile kisicho na ukucha kikakaa mbele ya jicho lake, kinatetemeka. Mwenye miwani alicheka. Mkono haukushuka. Alisema, "Basi, imetosha." Haukushuka. Walinzi waliacha kucheka, mmoja akaangalia nje. Mzee alibaki vile, macho ukutani, hadi mwenye miwani akainuka mwenyewe, akafungua kabati, akapekua rundo kwa hasira na kunitupia diplome mapajani.

Ndipo mkono ukashuka.

"Na ya mutoto wa ku geti?" nilisema.

"Mama, usizidishe."

"Ile tutairudia siku ingine," mzee alisema.

Nje sikumshukuru. Tulirudi kwa njia ile ile ya malori.

"Mukono yako inatetemeka," nilimwambia.

"Inatetemekaka kila siku. Ni buzee." Baadaye akasema, "Mama, ile magunia yako..."

"Nyamaza."

Kwenye njiapanda alikwenda kwake na mimi kwangu.

Nilikuwa na diplome chini ya kitenge, na Ijumaa ilikuwa bado kesho. Ningeweza kuirudisha sandukuni na kusema wamenikatalia. Ndugu yangu angeamini, kwa kuwa sijawahi kumdanganya. Niliwaza hivyo tangu njiapanda hadi mlangoni. Kisha nikaona mikono yangu imeshaanza kutafuta mfuko wa plastiki wa kuifungia, isipate mafuta.

Asubuhi niliiweka kando ya sahani yake. Aliitazama, hakuigusa hadi alipomaliza kula na kunawa. Hakuniuliza niliipataje. Alikuwa ameshasikia, Kapata nzima ilikuwa imesikia. Jirani alikuja na sahani yake, akafungua kinywa, akaona uso wangu, akakifunga.

Ndugu yangu alirudi kabla ya jua kuzama. Kati ya saba, watano waliandikwa. Namba yake alikuwa ameiandika kwa kalamu kwenye kiganja, na wino ulikuwa umeanza kuyeyuka kwa jasho, lakini alisema ameishika kichwani tayari. Alisimama mlangoni pangu, mguu nje, kama sheria inavyotaka, akaninyooshea mfuko wa plastiki.

"Yaya, fungia."

"Shika mwenyewe. Ni yako. Ulisema weye si mutoto wangu."

"Ku kituo banaiba."

"Polisi banaiba? Nani alikuambia?"

Hakucheka, lakini shavu moja lilicheza. Mkono wake ulibaki umenyooka. Niliuacha unyooke kwa muda, kisha nikachukua mfuko, nikavuta kamba kutoka shingoni.

"Vua hiyo nguo kwanza," nilimwambia.

Alikwenda nyuma kwenye pipa. Nilifungua sanduku, nikaiweka diplome chini ya kadi ya baba, nikafunga. Kutoka nje nilisikia maji, sabuni, kitambaa kinakamuliwa. Alipokuja na sare mkononi inadondosha maji, alielekea ndani kuianika chini ya nguo nyingine, kama siku zote.

"Ndani kumejaa," nilisema. "Anika nje."

Alisimama.

"Nyuma," nilimwambia. "Mbele hapana."